Kibango cha Chumba cha Nyuma

Jumatatu, tarehe 4 Novemba

Mvua imeanza kweli. Imepiga bati tangu alfajiri na haijapumzika. Nimefika kazini viatu mkononi, nikamkuta Papa Kasanda ameshapanga ndoo tatu ukumbini.

Naanza daftari hili kwa sababu sina mtu wa kuzungumza naye habari za kazi. Huu ni mwezi wangu wa tatu kama mkuu wa makumbusho haya. Ni nyumba ya zamani ya mkubwa wa stesheni, vyumba vitano na baraza, hapa Kamina, ng'ambo ya reli. Tuko watu wanne. Papa Kasanda ni mlinzi na fundi. Alikuwa seremala wa reli kabla sijazaliwa. Mathilde Kyabu anatunza rejista ya vitu. Noé Mbayo anaongoza wageni. Wote watatu ni Baluba wa hapa hapa. Mimi Tshiala ni binti wa askari, nimekulia Base, kambi ya jeshi, nikasoma historia Lubumbashi. Kiluba changu ni cha kununulia nyanya. Wao hawajui hivyo. Wakizungumza Kiluba mbele yangu naitikia kwa kichwa kama mtu anayefuata.

Mkutano wa Jumatatu: nimeuliza nani ana neno. Hakuna aliyekuwa nalo. Tumemaliza kwa dakika sita.

Jumanne, tarehe 5

Ndoo nne.

Ijumaa, tarehe 8

Barua kutoka mkoani. Tarehe 22 watakuja wakubwa, wanataka kuona picha za zamani za reli. Picha ziko, nafasi haipo. Nimeamua kibango kitoke ukumbini.

Niandike vizuri kibango ni nini, maana ndicho kitu cha thamani kuliko vyote tulivyo navyo. Ni fimbo ya utawala ya ukoo wa Kabange, watu wa upande wa Kaniama. Juu imechongwa mwanamke aliyefumba macho, mikono kifuani, na shingo ya fimbo imezungushiwa waya wa shaba. Walituachia miaka kumi na miwili iliyopita, tuwatunzie, wakati nyumba ya mzee wao ilipoungua. Si mali yetu.

Nimesema tukilaze kwenye sanduku la mbao, kikae chumba cha nyuma mpaka wageni waondoke. Papa Kasanda akaweka chini nyundo yake.

"Mama Chef, ile chumba ya nyuma iko nakunywa maji. Kwa ukuta muko muchwa. Tusitie kibango mule."

"Kama uko na observation, Papa Kasanda, andika. Utanipa karatasi, nitaisoma."

Nilisema mbele ya wote. Noé akatazama sakafu. Papa Kasanda akaokota nyundo na kwenda kutengeneza sanduku.

Jioni Mathilde alinikuta langoni. "Mama Chef, Papa Kasanda hajuake kuandika. Batu bote banajua."

Mimi sikujua. Ningeweza kurudi ndani, bado alikuwa anapanga misumari. Nikajiambia nikianza kuomba radhi mwezi wa tatu, mwaka mzima sitasikilizwa. Nikasimamisha pikipiki, nikapanda moto hiyo nikaenda nyumbani.

Ijumaa, tarehe 22

Wakubwa wamekuja. Wamekaa dakika ishirini, wamekunywa soda, mmoja ameuliza choo kiko wapi. Picha za reli hawakuzitazama.

Jumatatu, tarehe 2 Desemba

Hakuna mwenye neno. Mvua siku ya tisa mfululizo. Kibango kirudi ukumbini wiki hii, nisisahau.

Jumatatu, tarehe 9

Nimesahau. Hakuna mwenye neno.

Alhamisi, tarehe 12

Leo wenzangu walikwenda parokiani kwa matanga ya shangazi yake Mathilde. Nilibaki peke yangu na mvua. Saa sita nikaona nitumie nafasi, nikitoe kibango mimi mwenyewe, wakirudi wakikute mahali pake.

Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa umevimba, niliusukuma kwa bega. Harufu ilinipokea kwanza, kama ya shamba lililolimwa jana. Sanduku lilikuwa limeegemea ukuta, pale pale nilipoonyesha kwa kidole. Kutoka ukutani njia za udongo, nyembamba kama vidole vya mtoto, zilikuwa zimeshuka mpaka kwenye mbao za sanduku na kuingia.

Nilifungua. Kwa macho kibango kilikuwa kizima. Mwanamke alikuwa amefumba macho kama siku zote. Nikakiinua, na mkono wangu ukapanda juu haraka mno, kwa sababu hakikuwa na uzito. Kilikuwa chepesi kama gunzi la hindi. Nikagusa shavu la yule mwanamke kwa kidole gumba, na kidole kikaingia ndani. Uso ukaanguka, ukawa unga na mchwa weupe kwenye kiganja changu.

Nakumbuka nilirudisha vipande ndani ya sanduku, kila kimoja mahali pake, kama anayepanga mwili wa marehemu. Nikafunga. Nikatoka, nikachukua kufuli la geti la nyuma nikaliweka kwenye mlango ule. Ufunguo nimeutia kwenye uzi shingoni, chini ya blauzi.

Wenzangu walirudi saa tisa, wameloa. Papa Kasanda alitazama kufuli, akanitazama mimi. Nikamwuliza matanga yalikwendaje.

Jumatatu, tarehe 16

Mkutano. Nimewaambia chumba cha nyuma kimefungwa kwa sababu ya dawa ya wadudu.

"Dawa ilifika lini?" Noé aliuliza.

"Ilifika."

Hakuna mwenye neno lingine.

Alhamisi, tarehe 19

Amekuja Papa Nday Kabange, msemaji wa ukoo, kwa moto, matope mpaka magotini. Mzee wa ukoo amekufa tangu Oktoba. Mvua zikipungua watamsimika mwingine, na siku hiyo kibango lazima kiwe mkononi mwake.

"Nilipita tu kuuliza kama iko muzima," alisema.

"Iko salama, Papa."

Mathilde alikuwa pale anamwekea kiti. Noé alikuwa dirishani. Papa Kasanda alikuwa mlangoni, ameshika kofia. Nilisema "iko salama" mbele ya watu watatu, na hakuna aliyekohoa.

Papa Nday alishukuru kwa mikono miwili. Alituachia kuku.

Jumatano, tarehe 25

Noeli. Mvua. Mama yangu kapika sombe ya majani ya muhogo na samaki, na ugali, bukari laini kama ninavyoipenda. Niliirudisha sahani ikiwa imejaa. Akauliza kama ni malaria, nikasema labda.

Jumatatu, tarehe 6 Januari

Mathilde ameomba ufunguo wa chumba cha nyuma kwa ajili ya hesabu ya vitu ya mwaka. Nimemwambia dawa bado ina nguvu.

"Nitajifunga kitambaa kwa mapua."

"Bado, Mathilde."

Akarudi mezani kwake. Baadaye nilipita nyuma yake nikaona ameandika kwenye rejista, mbele ya namba ya kibango, kwa wino mweusi na mwandiko wake wa shule ya masista: *Haikuonwa.*

Zamani nilidhani Mathilde ni mtu mpole. Sasa naona ni mtu anayeandika kile alichokiona, na asichokiona anaandika hivyo pia.

Alhamisi, tarehe 9

Rejista imekwenda mkoani na jibu limerudi haraka, kitu ambacho hakijawahi kutokea kwa ombi lolote la bati. *Eleza kwa maandishi kwa nini kitu namba 17 hakikuonwa.*

Treni ya Lubumbashi haijafika wiki mbili. Nawaza ujinga: kwamba ingefika ningepanda.

Ijumaa, tarehe 10

Nimeandika ripoti. Nilianza mara tano. Mara ya kwanza niliandika ukweli, mistari kumi, nikausoma nikaona jina langu pale chini, mwanamke wa kwanza kuwekwa hapa, mtoto wa Base ambaye watu walisema hatamaliza mwaka. Nikaichana. Mara ya pili nikasema ni mvua. Lakini mvua hainyeshei sanduku lililo ndani ya chumba, watauliza ni nani aliyeliweka. Mara ya tano ilitoka bila kusita: *kitu kimeharibiwa na mchwa kutokana na uzembe wa mlinzi, ambaye kazi yake ni kukagua vyumba.*

Nimepiga muhuri. Nimeipeleka mwenyewe.

Jumatatu, tarehe 13

Hakuna mwenye neno. Ndoo saba.

Jumatatu, tarehe 20

Hakuna mwenye neno. Wanazungumza Kiluba wakinywa chai, nikiingia wanahamia Kiswahili kuhusu hali ya hewa. Ninafungua mlango wa ofisi yangu, ninaufunga. Nyumba hii ina milango tisa na sijui ni upi ninaoweza kutoka nao.

Jumatatu, tarehe 27

Barua imefika asubuhi. Papa Kasanda amesimamishwa kazi tangu leo. Mkuu wa makumbusho anaagizwa kumkabidhi barua mwenyewe.

Nilimwita ofisini. Nikamsogezea bahasha. Aliishika, akaigeuza, akanirudishia.

"Unisomee, Mama Chef."

Sikuwa nimefikiria hilo. Nilidhani ningempa bahasha nayo ingesema kila kitu. Nikaanza kumsomea kwa Kifaransa, akainua mkono. "Kwa Kiswahili." Basi nikatafsiri, sentensi moja baada ya nyingine, kwa sauti yangu mwenyewe. Nilipofika kwenye *négligence*, ule uzembe wa mlinzi, nilitafuta neno lililo laini zaidi. Kwa Kiswahili sikulipata. Nikasema uvivu na kutojali.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ile maneno ya uvivu, njo weye uliandika?"

Ningeweza kusema ni mkoa. Barua ilitoka mkoani. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Ndiyo, Papa. Njo minyi," nikakiri kwamba ni mimi.

Alitoa funguo za geti, akaziweka mezani. Akavua koti la mvua la kazi, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya funguo. Halafu hakuondoka.

"Minyi nilijua mbele sikukuu ya Noël ifike," alisema. "Nilichungulia kwa dirisha ya nyuma, nikaona udongo kwa sanduku. Kila siku ya Mungu napakaa mafuta ya zamani ya motere inje ya ukuta, juu muchwa isipite kwa bile bintu bingine. Mathilde anajua. Noé anajua. Tulikuwa nangojea weye useme."

"Juu ya nini hamukuniambia?"

"Tulikuambia. Mara moja." Hakuwa na hasira. Alisema kama anayenikumbusha siku ya soko. "Ukasema tuandike."

Alitoka. Nilimwona dirishani akivuka reli kichwa wazi katika mvua, kwa sababu koti lake lilikuwa mezani pangu.

Jumanne, tarehe 28

Sikwenda kazini.

Jumatano, tarehe 29

Wala leo. Wiki saba nilijificha kutoka kwa watu waliokuwa wananiona. Kila "iko salama" yangu waliisikia wakijua. Kila Jumatatu nilipouliza nani ana neno, walikuwa watu watatu wanaosubiri langu. Nami niliona kimya chao ni ubishi wa wenyeji kwa mgeni.

Mama ameingia, akakaa kitandani. Nimemweleza yote. Hakunifariji. Ameuliza tu, "Huyo baba iko na watoto?" Wanne, na wajukuu.

Jumatatu, tarehe 3 Februari

Jana baada ya misa nilikwenda kwa Papa Kasanda kumwomba aje kwenye mkutano. Alikuwa anachonga mpini wa jembe. Hakuniambia ndiyo wala hapana. Leo saa mbili alikuwa barazani, amevaa shati la Jumapili.

Niliweka ufunguo juu ya meza. Ulikuwa umeniachia alama ya kijani kifuani. Nikasema. Niliwaambia kwamba Papa Kasanda alinionya nami nikamdharau mbele yao. Kwamba kibango nilikiua mimi, nikakificha mimi, na ripoti niliiandika mimi, nikijua ni uongo. Kwamba leo nitapeleka barua mkoani ya kuifuta. Halafu nikasema jambo ambalo sikupanga kusema: "Na Kiluba sisikii. Tangu nilifika sisikii. Maandishi ya Kiluba ya ukumbini nilinakili kwa bitabu, sikuuliza mutu, juu nilikuwa na haya."

Noé akacheka, akaziba mdomo. "Tunajua, Mama Chef. Siku ile Papa Kasanda alisema kwa Kiluba paa itatuangukia, ukajibu *muzuri sana*."

Hata Papa Kasanda alitikisika mabega. Mathilde hakucheka.

"Minyi sitasema iko muzuri," alisema. "Niliandika *haikuonwa* na nilikuwa najua iko wapi. Ulinifanya nidanganye na rejista yangu. Miaka kumi na moja sijaandika uongo mule. Unaomba pardon kwa Papa Kasanda, ni vizuri. Minyi bado sijui."

Nilimwambia asijue mpaka atakapojua. Baadaye yeye mwenyewe ndiye aliyeuliza, "Na bantu ba Kabange, nani atabaambia?"

Alhamisi, tarehe 6

Tunaondoka asubuhi hii, mimi, Noé na Papa Kasanda, kwa moto mbili. Mathilde anabaki na makumbusho. Papa Kasanda hana wajibu wa kuja, amesimamishwa, lakini amesema sanduku alilitengeneza yeye na atalibeba yeye. Mathilde amekifunga kibango katika kitenge chake kipya. Hakunitazama wakati anafunga.

Jumapili, tarehe 9, kijijini

Siku ya nne. Daraja la miti limekwenda na maji usiku ule ule tuliofika. Hatuwezi kurudi. Naandika chini ya ukingo wa bati la Papa Nday, kuku wakinizunguka miguuni.

Alhamisi tuliwakuta wameketi, wengi kuliko nilivyotegemea. Walidhani tumeleta kibango kwa ajili ya kusimika. Wanawake walipiga vigelegele walipoona sanduku. Noé alitoa salamu kwa Kiluba, "Eyo vidye," wakaitikia. Akanigeukia. Nilimwambia atafsiri kila neno, asinifunike.

Nilisimama nikaanza. Nilisema jina langu, na baba yangu ni nani. Nikasema mlituachia kitu, na fundi huyu alisema kisiwekwe mahali pale, na mimi nikakiweka. Papa Nday alipokuja Desemba nikamwambia kiko salama, na siku ile nilikuwa nimejua wiki nzima kwamba kimekwisha kuliwa. Noé alikuwa anatafsiri nyuma yangu, na kila sentensi ilikuwa inanifikia mara mbili, mara moja ikitoka mdomoni mwangu na mara moja ikirudi kutoka nyusoni mwao.

Papa Kasanda alifungua kitenge.

Hakuna aliyelia kwa sauti. Mama Kanyinda, dada mkubwa wa Papa Nday, alisogea taratibu mpaka kwenye sanduku na kuinama. Ni mwanamke wa miaka themanini hivi. Alisema kitu kwa Kiluba, na Noé alichelewa kutafsiri mpaka nikamwomba.

"Anasema, tangu iko kijana walimukatazaka kukaribia hiki kintu. Anasema leo njo mara ya kwanza anakiona karibu, na hakina tena sura."

Papa Nday alinyanyuka akaingia ndani. Wengine wakaondoka mmoja mmoja. Hatukufukuzwa wala hatukuambiwa tukae. Usiku maji yakachukua daraja.

Tangu siku hiyo tunakula chakula chao. Kila asubuhi Mama Kanyinda ananiwekea mbele kilima cha mihogo na kisu, namenya pamoja na wanawake wa nyumba mpaka jua la mchana, kama lipo. Hawanitukani. Wanazungumza, wanacheka mambo yao, wananisahihisha mkono nikikata vibaya. Kibango hakitajwi. Nikisimama kwenda chooni nahisi macho yao yananisindikiza na kunirudisha. Mjini ningemaliza kuomba radhi nikaenda nyumbani kulala. Hapa nimeomba radhi nami niko bado mbele yao, asubuhi, mchana, jioni, na mto umejaa.

Jana nilimwuliza Mama Kanyinda muhogo unaitwaje kwa Kiluba. Alinitajia. Nikatamka. Akanirekebisha mara tatu, bila kutabasamu.

Jumatatu, tarehe 10

Papa Nday ametuita. Alikuwa amevaa koti la suti, ana karatasi mbili za daftari na kalamu mbele yake.

"Tumesema na famille," alianza. "Kibango itabakia hapa. Tutajua yetu ya kufanya nayo. Kwa musée yenu hatutaleta tena kintu." Alingoja Noé amalizie kutafsiri kwa wazee. "Lakini kuko neno moja. Huyu papa, ni kweli walimuondoa kwa kazi juu ya kibango yetu?"

"Ni kweli. Nimeandika barua ya kufuta, lakini—"

"Barua yako. Walisoma uongo yako, sasa basome kweli yako, bataamini gani?" Akanisukumia kalamu. "Andika kwa Kifaransa, weye njo unajua. Minyi nitasema."

Nikaandika alichosema. Sisi ukoo wa Kabange. Tulikabidhi kibango kwa makumbusho. Nilipofika katikati akaniambia nisome. Nikasoma, Noé akageuza. Papa Nday akasikiliza na kuniinulia kidole.

"Pale unasema namna gani? Kibango *iliharibika*?"

"Ndiyo, Papa."

"Haikuharibika yenyewe. Andika, mutu aliiharibu. Andika jina."

Nilifuta. Nikaandika kwamba kibango kiliharibiwa na Madame Tshiala, mkuu wa makumbusho, aliyekiweka mahali pabaya baada ya kuonywa na Bwana Kasanda, akaficha jambo hilo, akatudanganya, kisha akamsingizia Bwana Kasanda. Ningeweza kuchagua kitenzi laini, Kifaransa kinavyo vingi, na Noé peke yake angetambua. Niliandika kile kigumu. Mkono wangu ulikuwa umetulia kuliko siku ile ya Januari.

Papa Nday alitia sahihi. Mama Kanyinda aliomba naye aweke kidole. Nilimshikia wino, nikamwelekeza kidole chake mahali pa kubonyeza, chini ya jina langu.

Papa Kasanda alikuwa amekaa pembeni muda wote. Tulipotoka aliniambia, "Mule ndani nilikuwa na haya juu yako." Akaenda kuangalia kama maji yamepungua.

Ijumaa, tarehe 14

Tumevuka juzi, moto zikibebwa begani na vijana sita. Barua zote mbili, yangu na ya ukoo, nimezikabidhi mkoani leo. Karani amezisoma akiwa amesimama, halafu akakaa.

Jumatatu, tarehe 24

Hakuna jibu. Mathilde ameleta neno kwenye mkutano: chumba cha nyuma kibomolewe lipu yote kabla mchwa hawajafika ukumbini. Noé naye: wanafunzi wanachoka na picha za reli. Tumekaa saa nzima na robo. Nimekuwa nikiandika tu.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Jibu. Papa Kasanda amerudishwa kazini kuanzia siku aliyosimamishwa. Mimi nimeondolewa ukuu. Mathilde anashika kwa muda. Mimi nibaki Kamina, katika makumbusho haya haya, chini ya mamlaka yake, *mpaka itakapoamriwa vingine*, bila haki ya kuomba uhamisho.

Nimesoma ile sentensi ya mwisho mara nyingi. Nilitamani wanifukuze. Aliyefukuzwa anaondoka.

Nilimpelekea Mathilde barua. Aliisoma polepole, akaifungia kwenye jalada, akaandika namba yake. "Kesho saa moja na nusu," alisema. "Tunaanza kubomoa lipu. Uvae manguo ya zamani."

Alhamisi, tarehe 13

Lipu. Papa Kasanda ananionyesha jinsi ya kushika patasi. Mikono imechubuka.

Ijumaa, tarehe 21

Mvua imepungua. Leo wamekuja wanafunzi arobaini wa darasa la sita, na mwalimu wao.

Jana Mathilde alikuwa ametoa uamuzi. Mahali pa kibango pale ukumbini pasiwekwe kitu. Pabaki kile kisimamio tupu na karatasi ya maelezo, kwa Kiswahili na Kiluba, ya kueleza kilichokuwepo na kilivyopotea. Kiluba ameandika Noé. Kiswahili nimeandika mimi, na Mathilde amenirudishia mara mbili. Leo asubuhi akaniambia, "Fasi ile utaongoza weye, haiko Noé."

Basi Noé akawaleta mpaka kwenye kisimamio, akasogea kando. Nikawaeleza. Kwamba hapa palikuwa na fimbo ya ukoo fulani, na juu yake mwanamke amefumba macho. Kwamba mtu aliyekuwa na kazi ya kuitunza aliifungia katika chumba chenye maji, akaambiwa, hakusikia, ikaliwa yote, naye akaficha mpaka mwingine akaadhibiwa. Papa Kasanda alikuwa juu ya ngazi kule nyuma, anapigilia bati, akaacha kupigilia.

Msichana mmoja wa mbele, mwenye sweta ya buluu, akainua mkono.

"Ule mutu aliyeficha, walimufunga?"

"Apana," nikamwambia. "Njo minyi."

Mwalimu akatazama pembeni. Msichana akanipima kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, bila haraka, halafu akainua mkono tena, kwa sababu alikuwa na swali lingine.